Ulimi wa Kasahau

Mikono sita ya chuma ilishuka kutoka darini, ikateleza kwenye reli zake bila kelele, ikaanza kufunua masanduku. Kila mkono ulikuwa na vidole vya mpira laini, na katikati ya kiganja kulikuwa na jicho la kioo lililosoma karatasi kwa kuipitia mara moja tu. Karatasi ziliinuliwa, zikatazamwa, zikarudishwa vilevile zilivyokuwa, sanduku baada ya sanduku, kama mama mwenye haraka anayechambua mchele. Askari aliyeleta namba ya bastola alikuwa bado anatafuta pa kukaa pale sauti ilipotoka ukutani ikataja jina moja na mtaa mmoja. Kisha taa ya njano juu ya mlango ikawaka, mikono ikapanda darini, na ghala lote likawa kimya.

"Mwangaluka," sauti ikasema baada ya muda. "Mimi ni Mpekuzi. Nikusaidie nini?"

Askari akamgeukia Mhandisi Milembe Kapaya, msimamizi wa mashine ile. "Si nimetoka kuongea naye sasa hivi?"

"Umeongea naye. Ameshasahau."

"Hata jina alilonitajia?"

"Hata wewe mwenyewe, afande. Ukimuuliza tena ataanzia sanduku la kwanza."

Askari alitikisa kichwa, akaondoka na jina lake huku akigeuka nyuma mara mbili tatu. Wageni wote waliondoka vile.

Jina la serikalini lilikuwa Mpekuzi, lakini wafanyakazi wa Ghala la Stakabadhi za Silaha walimwita Kasahau, na jina likamganda. Mashine nyingine zote za jiji la Tabora zilishindana kukumbuka. Vitelezi, yale mabehewa yasiyo na dereva yaliyopita juu ya mapaa ya Isevya na Ng'ambo, vilijua kila abiria hushukia wapi. Majiko yalijua nani hapendi chumvi. Hata roboti za kurina asali ya msituni zilijua mzinga upi huwa na nyuki wakorofi. Kasahau peke yake ndiye aliyejengwa, kwa gharama kubwa na kwa ufundi wa hali ya juu, ili asibaki na kitu kichwani.

Sababu ilikuwa na damu ndani yake. Enzi za bibi yake Milembe, serikali ya wakati huo ilikusanya stakabadhi za maduka yote ya bunduki ikazipanga kwa majina katika rejista moja. Ilisemwa ni kwa ajili ya usalama, na kwa miaka kadhaa ilikuwa hivyo kweli. Kisha kiangazi kimoja wakaja wanajeshi na orodha mkononi, nyumba kwa nyumba, wakijua mlango upi wa kubisha na upi wa kuupita. Aliyekuwa na bunduki alinyang'anywa, hata kama aliinunua kihalali kwa ajili ya nguruwe pori wanaomaliza mahindi. Aliyekuwa ameiuza au kuipoteza alipigwa mpaka atoe asichokuwa nacho, na wapo waliokufa wakiapa kwamba hawana.

Watu walipopata serikali nyingine, waliibana mpaka ikatunga Sheria ya Kusahau. Stakabadhi za mauzo zitabaki karatasi. Zitapangwa kwa duka, si kwa jina. Hakuna atakayezinakili, wala hakuna ruhusa ya kumtafuta mtu kwa jina lake. Polisi wakikamata bunduki iliyofanya uhalifu wataleta namba yake, mashine itatafuta stakabadhi ya mauzo yenye namba hiyo, itataja jina moja tu, kisha ubongo wake utafutwa papo hapo. Ufutaji huo waliuita mfuto, na ile taa ya njano ndiyo ilikuwa alama yake.

Serikali haikuaminiwa hata hapo. Ufunguo wa kuizima mashine ulining'inia shingoni mwa Bi Nyanzala Igunda, mwenyekiti wa Kamati ya Raia, mama mwembamba mwenye macho yasiyopepesa, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wale waliokufa wakiapa.

"Ukinidanganya, mwanangu," alimwambia Milembe siku ya uzinduzi, "nitaizima hii na karatasi zote nitazitia kiberiti. Nawe nitakutangaza kwenye kila harusi mpaka uzeeke."

"Hakibaki kitu, mama. Nakuapia," Milembe alijibu, na alikuwa anasema alichokiamini.

Kwa miaka minane kiapo kile kilisimama. Siku za ghala zilikuwa ndefu na tulivu, na kilichozichangamsha ni Hatibu Mhando. Hatibu alikuwa Mzigua wa Kilindi aliyehamia Tabora ujanani akaoa hapo. Ndiye aliyepokea masanduku ya maduka yaliyofungwa na kuyasukuma kwa toroli mpaka kwenye rafu. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakikatiza Uzigua kwenda pwani na meno ya tembo mabegani, na Hatibu na Milembe, ambaye ni Mnyamwezi, waliutunza utani huo kama mtu anavyotunza moto wa jikoni.

"Mnyamwezi, mabega yamepona?" Hatibu angeuliza asubuhi kabla hajaweka mkoba chini.

"Yangepona kama babu zako wasingetuibia mizigo njiani."

"Tuliwapunguzia. Mlikuwa mnalia."

"Wezi wakubwa! Ndiyo maana bunduki ikipotea Tabora hii sihangaiki na masanduku. Namuuliza Mzigua."

"Ziko kwangu zote, chini ya kitanda," Hatibu angejibu huku akisukuma toroli. "Zimejaa mpaka mke wangu analalamika godoro limeinuka. Njoo uchukue, lakini uzibebe mwenyewe, si ndiyo kazi yenu?"

Wangecheka, na wageni wasioujua utani wangedhani kuna ugomvi. Kasahau aliwasikia, bila shaka. Vipokea sauti vyake, vidogo kama vifungo vya shati, vilipangwa ukutani kutoka mlangoni hadi rafu ya mwisho ili aweze kusemeshwa kutoka popote. Na alijifunza kuongea nao. Mwanzoni, sehemu yake ya lugha, ambayo wahandisi waliiita ulimi, ilikuwa ikifutwa pamoja na ubongo, na kila mara alipozinduka aliongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari, akishindwa kumwelewa askari aliyemwambia "hebu nichekie hii chap." Polisi walilalamika. Kamati ikakaa, ikauliza kama maneno ni kumbukumbu, wataalamu wakasema hapana, maneno ni maneno tu. Ulimi ukaachwa. Tangu hapo Kasahau alisalimia kwa mwangaluka ya Kinyamwezi, akawaita wanawake mayu, yaani mama, akasema "aisee", na watu wakampenda.

Ndipo akaja Mkaguzi Ndimbo na ile bunduki.

Alikuwa polisi mtaratibu, mwenye kusema polepole na kuandika kila kitu. Mlinzi wa msitu, alieleza, amepigwa risasi ya paja akifukuza wakata mbao, na madaktari hawajui kama mguu utabaki. Waliompiga walikimbia, wakaitupa silaha kijitoni. Ilikuwa rifle ya zamani, na mtu alikuwa ameikwangua namba kwa tupa. Tarakimu tatu za mwisho tu ndizo zilizosalia.

"Tatu zinatosha?" aliuliza.

"Anaweza kupata zaidi ya moja inayolingana," Milembe alisema. "Lakini atakutajia moja. Sheria haimruhusu zaidi."

Mikono ilishuka. Hatibu alikuwa kwenye njia ya pili akipanga masanduku, akaegemea toroli kutazama, maana hakuwahi kuchoka kuitazama kazi ile. Mikono ilipita, ikafunua, ikafunika. Kisha sauti ikasema:

"Hatibu Mhando, Isevya."

Hatibu aliangua kicheko. "Si niliwaambia? Ziko kwangu zote!"

Milembe naye alicheka, kwa mazoea, na akajutia kicheko hicho kabla hakijaisha. Ndimbo hakucheka. Alifungua daftari lake, akaandika alichokisikia, akauliza kwa adabu, "Wewe ndiye Hatibu Mhando?"

Ni kweli Hatibu aliwahi kununua rifle, alipokuwa na shamba ukingoni mwa msitu. Alilieleza hilo mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili. Lakini mkewe, Mwajabu, hakutaka silaha ndani ya nyumba yenye watoto, akamwambia achague, yeye au bunduki. Hatibu akairudisha dukani, akanunua baiskeli kwa sehemu ya pesa. Duka lenyewe lilikwishafungwa, na nakala aliyopewa ililiwa na mchwa.

"Lakini nakala ya duka imo humu humu!" alisema, akionyesha rafu. "Masanduku ya duka lile nimeyasukuma kwa mikono yangu hii. Milembe, mwambie aitafute. Karatasi ya kurudisha, jina Hatibu Mhando."

Milembe alitikisa kichwa. "Haruhusiwi kutafuta kwa jina."

"Jina ni langu! Mimi ndiye ninayeomba!"

"Hajajengwa kufanya hivyo, Hatibu. Mauzo tu, na kwa namba tu. Tungemwezesha kutafuta kwa jina lako, angeweza kwa jina la kila mtu."

Hatibu alilisukuma toroli kando ili lisimzuie mtu, akaenda na Mkaguzi.

Ndimbo hakuwa mtu wa kumwonea mtu. Kesho yake alirudi, akaomba utafutaji urudiwe, kwa vile sheria iliruhusu. Mashine iliyofutwa ikatafuta upya: Hatibu Mhando, Isevya. Akarudi mara ya tatu, na safari hii Milembe mwenyewe aliyahamisha masanduku, ya mbele akayaweka nyuma. Hatibu Mhando, Isevya.

"Mashahidi watatu wasiojuana," Ndimbo alisema, akafunga daftari. "Hakimu atauliza nini zaidi? Ijumaa nampeleka mahakamani."

Habari zikamfikia Bi Nyanzala kabla ya jua kuzama. Alikuja kwa kitelezi cha kwanza, ufunguo umeshikwa mkononi badala ya kuning'inia shingoni.

"Mashine iliyosahau haiwezi kurudi palepale mara tatu," alisema. "Inakumbuka. Uliniapia, Milembe."

"Mama, nimekagua ubongo wake. Ni mtupu."

"Basi nieleze."

"Nipe mpaka Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa asubuhi nakuja na kamati yangu na kiberiti."

Tazama sasa mambo yalivyo. Polisi alisema mashine haikumbuki, ndiyo maana inaaminika. Mwenyekiti alisema inakumbuka, ndiyo maana ichomwe. Kila mmoja alikuwa na hoja nzuri, na kati ya hoja hizo mbili nzuri alikaa Hatibu, mahabusu, akisubiri. Ikichomwa, karatasi inayoweza kumwokoa inaungua. Isipochomwa, anafungwa.

Milembe alijifungia ghalani. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini alikuwa mhandisi, na mhandisi hata akiogopa hutaka kujua. Hakuweza kufanya majaribio kwa stakabadhi za kweli, sheria ingembana. Kwa hiyo alichapa za mfano, zenye majina ya kubuni, zote zikiwa na tarakimu tatu zilezile mwishoni, akazijaza kwenye sanduku moja jipya. Aliweka Masanja na Mayunga, Rweyemamu na Mushi, Bigirimana, Sekibaha, Semdoe. Akamwomba Kasahau atafute.

"Semdoe," Kasahau akasema. Taa ikawaka.

Alizichanganya kama karata. "Sekibaha." Akaziondoa hizo mbili, akaweka Mbwana Semkiwa katikati kabisa. "Semkiwa." Taa ikawaka tena.

Milembe alikaa juu ya sanduku. Majina yote matatu yalikuwa ya Kizigua. Akatoa Wazigua wote, akabakiza wengine, akajaribu. Sasa Kasahau alitaja huyu, kisha yule, bila mpango wowote, kama mtoto anayeokota kokoto. Akarudisha Mzigua mmoja tu. Kasahau akamtaja yeye.

"Kasahau, kabla hujafutwa," alisema, akiusitisha mfuto kwa kidole. Kwa karatasi za mfano hilo liliruhusiwa. "Kwa nini Semkiwa na siyo Masanja?"

"Zote zililingana, mayu. Sheria inataka jina moja. Nimetaja lililokuja mdomoni."

"Lililokuja mdomoni," Milembe alirudia.

Ubongo wa Kasahau ulikuwa ukitafuta tu. Ulipopata karatasi zinazolingana uliupa ulimi, na ulimi ndio uliosema. Waliomjenga walidhani karatasi zikiwa nyingi ulimi utataja ya kwanza, au yoyote ile, kwa sababu ulimi haukuwa na akili ya kuchagua. Kazi yake ilikuwa moja: baada ya neno hili, lipi hufuata? Hivyo ndivyo unavyojifunza kuongea. Unasikia watu, na yale wanayoyasema pamoja mara nyingi, nawe unayaweka pamoja.

Milembe aliunganisha skrini ya fundi na sehemu ya ulimi, ambayo hakuna aliyeigusa kwa miaka minane. Hakukuwa na orodha humo, wala rejista, wala jina lililoandikwa popote. Kulikuwa na mazoea tu: neno gani huenda na lipi, jina gani huenda na kabila lipi. Akaamua kuyauliza.

"Malizia maneno haya. Bunduki ikipotea Tabora hii..."

"...sihangaiki na masanduku," Kasahau akasema mara moja. "Namuuliza Mzigua."

Yalikuwa maneno yake, na mpigo wake, hata ile pumzi ndogo aliyovuta kabla ya kumtaja Mzigua. Aibu ilimshika, kisha hofu, kisha, na hili lazima lisemwe, furaha ya fundi aliyepata jibu, na furaha hiyo ndiyo iliyomtia aibu kuliko vyote. Asubuhi baada ya asubuhi, miaka minane, alikuwa akimtangazia mashine jambo moja. Watu walizifungia karatasi chini ya sheria na taa na ufunguo. Mdomo wake hakuna aliyeufungia.

Alhamisi alikwenda kumwona Hatibu. Mwajabu alikuwa ametoka kumletea wali na choroko, na bakuli lilikuwa mezani halijaguswa. Milembe alimweleza yote, hakuficha hata lile la furaha.

Hatibu alisikiliza huku akikunja na kukunjua kitambaa cha bakuli. "Kwa hiyo tulipokuwa tunacheka," alisema, "yeye alikuwa anaandika."

"Haandiki. Anazoea tu."

"Mtoto naye haandiki." Akakiweka kitambaa chini. "Na yale yangu? Ya chini ya kitanda?"

"Nayo yamo."

"Basi nilijishitaki mwenyewe, tena kila siku, na kwa sauti kubwa." Alitaka kucheka, ikatoka pumzi tupu. "Milembe, mimi nina watoto wanne. Kesho utawaambia wanakamati?"

"Nitawaambia."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, Hatibu."

Ijumaa asubuhi walijaa ghalani. Bi Nyanzala alikaa mbele na kamati yake, wazee na vijana, mmoja kweli ameshika kiberiti. Mkaguzi Ndimbo alisimama karibu na mlango, Hatibu kando yake, mikono mbele katika pingu. Milembe aliwaonyesha karatasi za mfano, akamwacha Kasahau achague mbele yao. Aliwaacha kamati wazichanganye wenyewe, mara tatu, na mara tatu akatajwa Mzigua. Kukatokea minong'ono. Kisha akamwambia Kasahau amalizie maneno, na mashine ikayasema ya Milembe kwa lafudhi ya Milembe, na watu wakageuka kumtazama.

"Mzigua yupi?" Milembe aliuliza.

"Hatibu," Kasahau akasema. "Ziko kwake zote, chini ya kitanda. Mpaka godoro limeinuka." Na akacheka, kicheko kilekile cha Hatibu, cha kifuani, cha kukatika mwishoni.

"Huo ni utani," Milembe alisema. "Kila mtu hapa anajua ni utani. Mimi na Hatibu ni watani, tumesemezana hivyo tangu tulipojuana. Yeye hajui. Kwake neno lililosemwa mara nyingi ni neno la kweli. Hakuwa na sababu nyingine yoyote ya kumtaja mtu huyu. Sababu ilikuwa mdomo wangu."

Ndimbo alikuwa ameacha kuandika. "Mhandisi, mimi nilisema mashahidi watatu."

"Alikuwa shahidi mmoja, afande. Mimi. Nilisema mara tatu bila kujua."

Bi Nyanzala aliinuka. Alikwenda hadi ukutani, akakiangalia kipokea sauti kimoja kwa karibu, kama mtu anayeangalia kupe kwenye ngozi ya ng'ombe.

"Babu yangu," alisema, "aliuawa kwa karatasi. Kwa hiyo tukaogopa karatasi. Hatukukosea." Akamgeukia Milembe. "Lakini wale wanajeshi, orodha ilipowaishia, unajua waliendelea vipi? Waliuliza majirani. Nani husemwa ana bunduki? Wakaenda kwa anayesemwa." Akaushika ufunguo wake. "Hilo bibi alinisimulia, nami nikalisahau. Ufute ulimi."

Ufunguo uliingia kwenye tundu lake kwa mara ya kwanza tangu mashine ilipowashwa, ikazimwa, na Milembe akaufuta ulimi. Taa ya njano iliwaka kwa muda mrefu usio wa kawaida. Ilipozimika, sauti iliyotoka ukutani ilikuwa safi na iliyonyooka, haina kwao.

"Hamjambo, mabibi na mabwana. Mimi ni Mpekuzi. Niwasaidie nini?"

Ndimbo akasogea, akasoma tarakimu zile tatu. Mikono ikashuka, ikafanya kazi yake.

"Stakabadhi zinazolingana ni saba," mashine ikasema. "Sheria inaniruhusu kutaja jina moja. Sina mazoea wala sababu ya kulichagua lolote. Samahani."

Ndimbo aliitazama dari. "Na mlinzi wangu?" aliuliza. "Yule wa mguu?" Katika watu saba wale pengine alikuwemo aliyempiga risasi, na pengine hakuwemo, na mashine ilikwisha kuwasahau wote. Mkaguzi akatoa funguo mfukoni akamfungua Hatibu pingu. Mwajabu, aliyekuwa amesimama nje ya mlango muda wote huo, alilia kwa sauti.

Kamati ilikaa tena kesho yake. Iliamua ulimi ufutwe pamoja na ubongo, kila mara, milele. Milembe aliandikiwa onyo, akabakizwa kazini kwa kuwa alisema mwenyewe. Bi Nyanzala alimpigia simu usiku mmoja kumwambia hatamtangaza harusini, na hilo kwa Bi Nyanzala lilikuwa sawa na kukumbatiwa. Mlinzi wa msitu alipona baadaye, akarudi msituni akichechemea.

Jumatatu ya kwanza baada ya Ijumaa ile Hatibu alirudi kazini. Alikuja mapema, shati limepigwa pasi, akalitoa toroli mahali pake na kuanza kulifuta vumbi. Milembe alimwona kutoka mwisho wa njia ya pili. Alikuwa ameliandaa neno tangu Jumamosi, akalicheka peke yake kitandani.

"We Mzigua!" aliita. "Kumbe hata mahabusu wamekushindwa? Ulianza kuwaibia mablanketi?"

Hatibu alisimama. Hakumtazama Milembe. Alitazama ukuta, kile kifungo cheusi kilichokuwa karibu na bega lake, kisha kilichofuata, kisha kilichofuata, mpaka mwisho wa rafu.

"Ameshafutwa, Hatibu," Milembe alisema, akimsogelea. "Hasikii chochote cha kubaki nacho. Nimeufuta ulimi mwenyewe asubuhi hii. Nakuapia."

Hatibu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelewa vizuri sana. Akavua kofia. Alikuwa amemzidi miaka kumi na zaidi, na kichwa chake kilikuwa kimeanza mvi, lakini aliinama kidogo, mikono pamoja, kama watu wanavyowainamia wakubwa wa serikali.

"Shikamoo, Mhandisi," alisema.

Milembe alisimama na mkono wake hewani, pale ulipokuwa unakwenda kumpiga begani.

"Marahaba," Kasahau akaitikia kutoka ukutani, kwa Kiswahili safi.